Nani Anakata Nyama? Jumapili ya Wamunyu na Meza Nyingine

Ibada inapokwisha Wamunyu, barabara ya Machakos kwenda Kitui hujaa watu waliovaa vizuri na wenye njaa. Waumini wa kanisa la AIC hukutana njiani na Wakatoliki, akina mama wakiwa na leso zilizokunjwa begani, watoto wakivua soksi nyeupe kabla hazijaingia vumbi jekundu. Nyuma ya mabucha moshi umeshaanza kupanda. Mchomaji anayeijua kazi yake huwasha makaa wimbo wa mwisho ukiwa bado haujaimbwa, kwa sababu saa saba na nusu hakuna atakayekubali kuambiwa kwamba moto bado.

Nimekuwa nikitafuta mlo mzuri wa Jumapili katika miji mingi, na mlo ninaoutafuta ni wa namna moja: nyama ya kuchoma au kuoka, pande zima, inayokatwa mbele ya mlaji, pamoja na vyakula vya asili vya mahali hapo. Katika daftari langu kila mji una ukurasa wake. Juu ya kila ukurasa huandika kwanza jibu la swali moja: nani anakata nyama, na anapokata anamtazama nani? Kachumbari, bei, viti na usafi wa vyoo huja baadaye. Nyama ya mbuzi yule yule, iliyochomwa kwa makaa yale yale, inaweza kuwa karamu au ikawa kazi ya kutafuna, na tofauti hutokea katika dakika chache ambazo kisu kinaigusa.

Uingereza, ambako mlo huu umefanywa desturi ya taifa zima, niliuandikia ukurasa nikiwa mgeni wa jamaa zangu waliohamia huko. Jumapili walinipeleka kwenye baa ya zamani nje ya mji. Zamani familia za Kiingereza ziliacha pande la nyama ndani ya oveni zikaenda kanisani, zikarudi na kulikuta limeiva. Baba akasimama mwisho wa meza na kulikata. Siku hizi wengi hukwepa kazi hiyo na kwenda mahali ambapo mpishi mwenye kofia nyeupe anasimama nyuma ya kaunta, chini ya taa ya joto, akiwa na paja la ng'ombe, nguruwe mwenye ngozi iliyokauka ikawa ya kuvunjika, na bata mzinga. Unashika sahani, unapanga foleni, unataja nyama unayotaka. Viazi vya kuokwa, karoti, kabichi, mchuzi mzito wa kahawia na lile andazi lao la mayai, unga na maziwa lililofura kwa joto la oveni, unajipakulia mwenyewe. London ilikuwa na nyumba maarufu kwa mlo huu, Simpson's-in-the-Strand, iliyofunguliwa mwaka 1828. Pale nyama ilisukumwa kwa mkokoteni wenye kifuniko cha fedha hadi ubavuni mwa meza, na mkataji akaikata ukiwa umekaa, huku ukimwonyesha kwa kidole unataka wapi.

Katika ukurasa huo nimesifu jambo moja kwa moyo wote: Mwingereza huipumzisha nyama. Pande likitoka motoni linakaa karibu nusu saa bila kuguswa, maji yake yatulie ndani, ndipo kisu kinaingia, tena kinaingia kwa kukingama nyuzi. Kipande kinatoka chembamba, laini, hakihitaji jino la simba. Ambalo sikulipenda ni foleni. Mkataji aliniuliza ng'ombe au nguruwe, akakata vipande vitatu, akamtazama aliye nyuma yangu. Mzee wa miaka themanini aliyesimama mbele yangu alipata vipande vitatu vya upana ule ule, na mtoto aliyefuata akapata vile vile. Kila mtu akaondoka na sahani yake, akala nyama yake.

Nairobi ina mahali panapokaribia desturi hiyo kuliko pengine popote Afrika Mashariki. Ni mkahawa wa Carnivore, barabara ya Lang'ata, uliofunguliwa mwaka 1980. Nyama huchomwa kwenye shimo kubwa la makaa lililo mlangoni, imetungwa kwenye vyuma virefu, na wahudumu huzunguka nayo meza kwa meza wakikata juu ya sahani yako mpaka utakapolaza bendera ndogo iliyo katikati ya meza. Watalii huupenda, na familia za Nairobi huenda kusherehekea siku za kuzaliwa. Mimi niliandika mistari michache tu. Nyama zinafuatana upesi mno: kuku, nguruwe, kondoo, soseji, mamba. Ulimi haupati nafasi ya kukaa na ladha moja ukaijua. Mkataji ni hodari, anakata vizuri, lakini ana meza nyingine ishirini zinamsubiri.

Kariokor ni habari nyingine, na ukurasa wake umejaa mpaka pembeni. Soko hilo liko karibu na Ngara, na wageni hulijua kwa vyondo na viatu vya ngozi. Wakazi wa Nairobi wanalijua kwa moshi. Jumapili mchana madawati yake hujaa watu wa kila tabaka, mwenye gari kubwa akikaa bega kwa bega na fundi wa viatu. Unaingia, unachagua pande lililoning'inia, linapimwa kwa kilo, unalipa uzito wa nyama mbichi, kisha linakabidhiwa kwa mchomaji. Unasubiri. Unanawa kwa maji ya moto kutoka kwenye birika. Ugali unakuja kwenye sahani ya pamoja, kachumbari yenye pilipili inafuata, na chumvi inamwagwa kilima kidogo kwenye pembe ya ubao.

Haki ya kuchagua pande likiwa bado bichi ndiyo ubora wa kwanza wa desturi yetu, na Mwingereza hana. Nimemwona mama mmoja pale Kariokor akikataa mapande manne, akibonyeza mafuta kwa kidole, akiuliza mbuzi huyo amechinjwa lini, mpaka alipopata mkono aliouridhia. Muuza nyama hakukasirika. Alijua kwamba mama yule atakula na wageni wake, na aibu ikitokea itakuwa ya mama. Ubora wa pili ni ule ubao wa pamoja: watu sita, mikono sita, nyama moja.

Lakini mkataji wa Kariokor ana haraka. Pande linatoka motoni likilia mafuta, linatupwa juu ya ubao, na kisu kizito kinashuka tap, tap, tap, mfupa na mnofu pamoja, mpaka mguu mzima umekuwa rundo la vipande vidogo. Maji ya nyama yanabaki kwenye mbao. Meza ikiwa na watu wenye mazungumzo marefu, robo saa baadaye rundo limepoa na kukauka. Sina lawama kwa mkataji mwenyewe. Watu wanaosubiri nyuma yake ni wengi, na Jumapili ndiyo siku inayomlipia wiki. Hata hivyo ni hasara ya kweli, kwa sababu kila kilichotangulia, uchaguzi, subira na moto, kilifanywa vizuri.

Kariokor na Wamunyu zimeunganishwa na vita. Jina la soko lile, kama lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza ya dunia. Wapagazi hao walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kubeba risasi na chakula cha majeshi yaliyokuwa yakimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kusini ya Tanganyika. Ukambani, nchi ya Wakamba iliko Wamunyu, ulitoa watu wengi. John Ainsworth, aliyefika Machakos mwaka 1892 kama afisa wa kampuni ya Waingereza, ndiye aliyekabidhiwa mwaka 1917 kazi ya kuandikisha watu wa kubeba mizigo. Wengi hawakurudi. Ugonjwa uliua zaidi kuliko risasi, na chakula kilikuwa na sehemu yake katika vifo hivyo: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa haraka kwa kuni chache na maji machafu, ukayaharibu matumbo ya watu waliozoea nafaka nyingine na mapishi ya polepole. Ninapolisikia jina la Kariokor Jumapili nikiwa na njaa, hilo nalo huwa nalikumbuka. Watu walikufa kwa chakula kibaya kwenye barabara zile, na wajukuu zao wana haki ya kula vizuri.

Mmoja wa waliorudi ni Mutisya Munge wa Wamunyu. Huko Tanganyika alikutana na wachongaji, Wazaramo na Wamakonde, waliokuwa wakitoa sanamu za watu na wanyama kwenye mbao ngumu. Wakamba walikuwa tayari na mafundi wa viti vya miguu mitatu, fimbo, vijiko na vibuyu. Mutisya alirudi na wazo la kuchonga ili kuuza, akawafundisha wanawe, na majirani wakafuata. Kutoka kijiji hiki kazi ikaenea mpaka Nairobi na Mombasa, ambako Wakamba wa Changamwe waliunda ushirika wao mkubwa. Twiga warefu na vifaru wanaouzwa leo kwenye viwanja vya ndege vya Ulaya na Marekani ni vizazi vya kazi ile. Hata vile vijiko viwili vya kuchanganyia saladi vyenye vichwa vya wanyama, ambavyo niliviona kwenye meza za jamaa zangu Uingereza, vilitoka kwa mikono ya aina hii.

Kwa hiyo nilipoingia Wamunyu nilikuwa na matarajio. Mji huu uko kiasi cha kilomita 40 mashariki ya Machakos, ukishapita Makutano ya Mwala na Masii, katika nchi inayoteremka na kuzidi kukauka kadiri unavyoukaribia Mto Athi. Ni mji mdogo: maduka pande mbili za barabara, stendi ya bodaboda, mabucha, hoteli za chai na mandazi, na vibanda vya wachongaji. Jumapili tezo zinanyamaza, maana wachongaji nao wako kanisani au nyumbani. Vumbi la mbao lililobaki chini ya miti ndilo linalokuonyesha wanapokaa siku nyingine.

Niliketi meza moja na watu niliotambulishwa kwao na mwenyeji wangu: mchongaji mzee aliyeanza kazi akiwa mvulana, binti yake mwenye mtoto mchanga mgongoni na mwingine wa miaka sita hivi, na vijana wawili wa ukoo. Tulichagua mguu wa nyuma na mbavu za upande mmoja. Mbuzi wa huku ni wadogo. Hula majani na matunda ya migunga, na ukame ukizidi hukatiwa majani ya mukau, mti wa Ukambani. Nyama yao haina mafuta mengi, lakini ina ladha iliyokolea, ambayo nyama ya mbuzi wa kulishwa zizini haipati.

Kabla ya nyama ilikuja supu ya mifupa, kwenye vikombe, moto wa kuunguza midomo, na ndimu pembeni. Watu wa hapa hawaifanyi supu kuwa kitu cha kupitishia wakati. Mzee aliinywa polepole, akaongeza pilipili, akanyamaza mpaka ikaisha. Wakati huo nilienda nyuma kumtazama mchomaji. Alikuwa ameyasukuma makaa mekundu upande mmoja na kuiweka nyama upande wa pili, mbali na joto kali, mafuta yakidondoka mahali pasipo na moto wa kuyarudisha juu kuwa moshi mchungu. Kila mara alinyunyiza maji ya chumvi kwa shada la majani. Hakuwa na saa. Alibonyeza mnofu karibu na mfupa, akauacha, akabonyeza tena. Alipoutoa mguu aliuweka juu ya ubao pembeni ya jiko, akaufunika, akageukia mbavu. Sikumwuliza alijifunza wapi kuipumzisha nyama. Mzee aliniambia baadaye kwamba yeye amemjua hivyo tangu ujanani, na kwamba baba yake mchomaji alifanya vivyo hivyo.

Kisha akaja na ubao mezani, amevaa koti lake jeupe, kisu chembamba mkononi, na akafanya jambo ambalo sijaliona katika ukurasa mwingine wowote wa daftari langu. Kabla ya kukata alitutazama mmoja mmoja.

"Mzee, nikukatie wapi?"

"Nikatie hapa ndani, mwanangu, penye ulaini."

Mzee hana meno mengi. Mkataji aliuzungusha mguu, akatafuta upande wa ndani wa paja, akaweka kisu kwa kukingama nyuzi na kutoa vipande vyembamba ambavyo ungeweza kuona mwanga kupitia kwavyo. Figo alilikata mara mbili na kuliweka juu ya vipande vya mzee bila kuulizwa. Kisha akamgeukia mama mwenye mtoto, akamkatia sehemu yenye mafuta kidogo, kwa sababu ananyonyesha. Mtoto wa miaka sita alipewa ubavu mmoja mzima, wenye mfupa wa kushikia. Vijana walipewa mbavu zilizobaki pamoja na goti, wapambane. Mimi, mgeni, nilikatiwa kutoka karibu na kiuno, kipande chenye ngozi iliyokauka upande mmoja na wekundu hafifu upande wa pili. Nusu ya mguu ilibaki haijaguswa. Aliurudisha pembeni ya moto, akaenda meza nyingine. Tulipomaliza alirudi nao ungali na joto, akauliza tena nani bado ana njaa, akakata tena.

Kumbe dawa ya nyama iliyopoa ni hiyo: usiikate yote. Jambo dogo, halihitaji oveni ya Uingereza wala bendera ya mezani. Linahitaji mkataji atembee mara mbili na ajue walio mezani ni akina nani. Pengine mji mdogo unamrahisishia. Meza zilikuwa chache, na wengi aliwajua kwa majina na kwa meno yao. Lakini mimi hakunijua, na bado aliniangalia.

Mchongaji mzee alikuwa na maelezo yake. Alishika kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akanionyesha nyuzi zinavyokwenda. Mbao nazo zina nyuzi, akasema, na mchongaji asiyezisoma kabla ya kuweka tezo atapasua kifaru katikati ya mgongo akiwa amekaribia kumaliza. Mpingo ni mgumu na nyuzi zake zimebana. Muhugu unanukia vizuri na unatii patasi. Mzeituni una mistari mizuri na hauna harufu ya kuingia kwenye chakula, ndiyo sababu bakuli na vijiko vya mezani huchongwa kwa mti huo. Mwarobaini umeokoa kazi ya wengi tangu miti ya asili ilipoanza kuadimika, lakini yeye hachongi chombo cha kulia kwa mwarobaini, kwa uchungu wake. Alipoulizwa kama wachongaji huwa wakataji wazuri wa nyama, hakutabasamu. Alijibu kwamba nyumbani kwake yeye ndiye anayekata, na kwamba mbuzi wa ntheo wa binti yake aliyekuwa pale aliwakatia wazee kwa mkono wake.

Swali la nani anakata lina uzito mkubwa katika nchi zetu. Mbuzi wa ntheo, ambao familia ya mume huwapeleka kwa familia ya mke, ndio wanaoifanya ndoa ya Kikamba itambuliwe. Na nyama yao hugawanywa kwa utaratibu, si kwa kunyang'anyana. Kwa Wakikuyu, katika ngurario, maarusi hukata bega la mbuzi mbele ya jamaa. Kwa Wachaga na katika harusi nyingi za Tanzania leo huletwa ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa, akasindikizwa kwa ngoma na kukatwa mbele ya watu wote. Nimekula ndafu Moshi, na nilichokiandika ni kwamba kipande cha kwanza kilikatwa kwa heshima kubwa, halafu mbuzi akapelekwa nyuma na kurudi akiwa vipande kwenye sinia. Kwa harusi ya mamia ya watu haiwezekani vinginevyo. Kwa meza ya watu saba inawezekana, na Wamunyu inafanyika.

Nisisahau muthokoi, kwa sababu bila huo ningekuwa nimekula nyama tu. Ugali wa Kariokor ni mzuri na unajaza tumbo, na viazi vya Uingereza vimenifurahisha. Lakini muthokoi wa Wamunyu unasimama ubavuni mwa nyama na kuisaidia. Mahindi makavu hunyunyizwa maji na kutwangwa kwenye kinu cha mti mpaka ganda lijivue, kisha hupetwa kwa ungo. Makapi huenda kwa kuku na mbuzi. Kinachobaki, mahindi meupe yaliyo laini nje na thabiti ndani, huchemshwa kwa saa kadhaa pamoja na kunde au mbaazi, ndipo hukaangwa kidogo kwa kitunguu. Siku hizi mashine hukoboa mahindi hayo kwa dakika chache, na wengi hawaoni tofauti. Mama mwenye hoteli tuliyoagiza kwake anaiona. Anasema mahindi ya mashine hupasuka na kuvuruga mchuzi, na ya kinu hubaki mazima. Nilikula ya kwake na nikamwamini.

Chakula hiki kimelelewa na ukame. Mvua za Ukambani hazitabiriki. Za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi, na zikikosa mwaka mzima unayumba. Wazee wanakumbuka 1984, mwaka ambao mtu alikuwa na fedha mfukoni na duka halikuwa na unga. Mbaazi, kunde, ndengu na mbuzi ni vitu vinavyostahimili. Mlo wa Jumapili wa Wamunyu umejengwa kwa vitu hivyo hivyo, ukawa mlo wa shukrani. Sijui mlo mwingine wa Jumapili ambao kila kitu kilicho mezani, hadi ubao, kinu na mwiko, kinaweza kutoka katika eneo ambalo mtu analitembea kwa mguu asubuhi moja.

Lakini makaa ndiyo yanayonitia wasiwasi. Mti unaofaa kuchongwa mara nyingi ndio unaofaa kuchomwa, na mti mgumu hukua polepole. Mapema mwaka 2018 Kaunti ya Kitui, ng'ambo ya Athi, ilipiga marufuku makaa kusafirishwa nje ya kaunti, na mwezi Februari serikali ya taifa ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Wachomaji na wachongaji wote waliguswa. Tumaini langu liko kwenye ule mukau. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, ikisaidiwa na Wajapani, imeutafutia mbegu bora Kitui, na wakulima wanaupanda mashambani kama zao. Mbao zake ni nzuri kwa samani, kwa mizinga na kwa uchongaji, majani yake ni chakula cha mbuzi, na matawi yanayopunguzwa ni kuni. Mkulima mwenye mistari michache ya mukau mpakani mwa shamba amejiwekea mchongaji, mbuzi na moto kwa pamoja. Ningependa kila mwenye bucha Wamunyu apande wake.

Nikiulizwa mlo upi ulio bora katika daftari langu, nasema wa Wamunyu, wala sisemi kwa kupendelea cha nyumbani. Nimeupima kwa vipimo vile vile: kuchagua, moto, kupumzisha, kukata, kinachoandamana. Kariokor inaushinda kwa uchangamfu na kwa wingi wa nyama za kuchagua. Uingereza inaushinda kwa usafi wa kaunta na kwa saa ya kufungua isiyobadilika. Wamunyu haikushindwa mahali pengine. Hoteli mpya za Machakos na Nairobi zinazotangaza chakula cha Jumapili zina wapishi waliosomea kazi, na zina majiko ambayo mchomaji wetu hajawahi kuyaona, lakini nyama inakatwa jikoni na kuletwa kwenye masinia ya kupashwa moto, imelala ndani ya mchuzi. Zingemtoa mkataji mmoja tu jikoni, zikampa ubao na ruhusa ya kuzungumza na wageni, zingekuwa na mlo wa kusimuliwa.

Kwa atakayekwenda: kutoka Nairobi pita Kyumvi hadi Machakos, na stendi ya Machakos kuna matatu za Masii, Wamunyu na Kitui. Fika kabla watu hawajatoka kanisani. Nenda hotelini kwanza ukaagize muthokoi, kwa sababu uliobaki saa nane ni wa waliowahi, ndipo uende bucha. Mkiwa wengi chukueni mguu wa nyuma na mbavu; mkiwa wawili au watatu mkono unatosha, na ni mtamu zaidi karibu na mfupa. Wachomaji wengine wana baa ubavuni na wengine hawana, kwa hiyo ukiwa na mchungaji au mama mkwe uliza mapema. Mwambie mkataji meza yako ina nani, hata kama anaona. Na ukitaka kununua bakuli la mzeituni au kinu, lala Machakos urudi Jumatatu asubuhi, tezo zikiwa zimeanza.

Ukurasa unaofuata ni wa ng'ambo ya Athi, Kwa Vonza na Kitui mjini. Watu wa Wamunyu wameniambia kwamba huko muthokoi hupikwa na ndengu, na kwamba nyama wanaikata vibaya. Nitaonja kwanza.